Uzoefu wa Marehemu Loisi

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumanne ya mwisho ya Aprili, Hilda aliitwa kwenye chumba cha usaili. Ofisi ilikuwa ghorofa ya kwanza ya jengo moja la mtaa wa Kikuyu, jijini Dodoma. Kampuni ilisindika zabibu na ilitafuta msimamizi wa shamba lake la Chamwino. Mvua zilikuwa zimeisha mapema mwaka huo na mizabibu ilisubiri kupogolewa.

Waliomsaili walikuwa wawili. Gladness, afisa rasilimali watu, alishika maswali. Abubakari, meneja wa mashamba, mtu wa Kondoa, alishika kikombe cha chai ya tangawizi.

"Elimu yako ni nzuri," Gladness alisema. "Stashahada ya kilimo, ufaulu wa juu. Uzoefu?"

"Wa kuajiriwa sina, dada. Nimekulia kwenye mizabibu ya bibi yangu, Buigiri. Napogoa tangu shule ya msingi."

"Tangazo linasema miaka isiyopungua mitano."

"Kila tangazo linasema hivyo. Ndiyo maana hadi leo sina hata mmoja."

Abubakari alicheka ndani ya kikombe. Gladness hakucheka, kwa sababu alikuwa amefika kwenye sehemu ya wadhamini. Hilda alikuwa ameandika mdhamini mmoja tu, Loisi, na kabla ya jina ameandika "marehemu". Alieleza kwamba tangazo lilitaka mtu aliyemwona akifanya kazi kwa macho yake, na mwingine hakuwepo. Alijua jibu hilo lingeweza kumnyima nafasi. Akiikosa, Jumamosi angepanda basi kwenda Mpwapwa kuuza dukani kwa shangazi yake, na stashahada ingebaki kwenye bahasha.

"Marehemu au siyo, mdhamini lazima awe anapatikana," Gladness alisema. Alifungua mlango, akaita kwenye korido. "Loisi wa Buigiri yupo?"

"Nipo, mwanangu."

Bibi Loisi aliinuka kwenye benchi. Alikuwa amevaa kitenge alichozikwa nacho na viatu ameshika mkononi, kwa kuwa vilikuwa vipya na vilimbana. Alisalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," na Gladness, ambaye alizaliwa Mvumi, akaitikia, "Mbukwa." Abubakari alisimama akasema shikamoo.

"Marahaba, baba. Hiyo chai unakunywa peke yako?"

Kikombe cha pili kililetwa.

"Na wewe, mke mwenzangu," bibi alimgeukia Hilda, akimtania kama mabibi wanavyowatania wajukuu zao wa kike, "mbona umekonda hivyo? Mwanamume gani atakutazama? Hata babu yako ameanza kunisifia mimi."

"Bibi, niko kwenye usaili."

"Hata mimi niko kwenye usaili wako. Kaa wima."

Alitoa ushahidi wake kwa ufupi. Alisema mjukuu wake ana mkono mwepesi, hadanganyi mzani, na akikasirika hasusi chakula. Gladness aliandika yote. Kisha, kwa kuwa lilikuwa ndilo swali linalofuata, alimuuliza bibi ana uzoefu wa miaka mingapi.

"Sikuhesabu. Nilipanda mzabibu wa kwanza kabla mama yake huyu hajaota meno."

Gladness na Abubakari walitazamana. Simu ilipigwa kwa mkurugenzi, naye alikubali kabla maelezo hayajaisha. Marehemu hahitaji bima ya afya. Haendi likizo, hapati ujauzito, hadai chakula cha mchana. Nafasi ilikwenda kwa Bibi Loisi.

"Niliyemdhamini ni huyu," bibi alisema.

"Yeye hana uzoefu, bibi."

"Ataupata wapi?"

"Hilo siyo la ofisi hii."

Bibi Loisi alimaliza chai yake. Hilda alitazama bahasha iliyokuwa mapajani mwake.

"Haya," bibi alisema, "mshahara wangu mtampa nani? Mimi kule sina benki."

Gladness alijibu kwamba kisheria mali ya marehemu hupokelewa na msimamizi wa mirathi. Aliuliza ni nani. Hilda alisema ni yeye. Baada ya matanga ukoo ulikaa ukamteua, na mahakama ya mwanzo ikathibitisha. Gladness alirudia kusoma kanuni za kampuni tangu mwanzo. Hazikuwa na kizuizi chochote.

Bibi Loisi alicheka mpaka kitenge kikalegea. Abubakari naye alicheka, safari hii akiwa ameweka kikombe mezani.

"Mke mwenzangu, inuka," bibi alisema. "Ukanitafutie mabuti ya kunitosha."

Kesho yake shambani ilionekana kwamba vidole vya Bibi Loisi vilishika kikombe lakini si chuma: mkasi wa kupogolea ulipita katikati yake na kuanguka chini. Abubakari alimwandikisha Hilda kuwa kibarua wa kumkatia, kwa sababu kibarua haulizwi uzoefu. Bibi alitembea mbele kwenye mistari, Hilda akafuata na mkasi.

"Acha macho mawili ya kuchipua! Unapogoa au unanyoa?"

"Bibi, wewe ni msimamizi, simamia kimya!"

Vibarua wengine waliomba kupangiwa mstari wa jirani ili wasikose maneno. Walipoimba, bibi aliitikia kwa sauti ya juu kuliko wote. Septemba mavuno yalijaza malori, na kwa mshahara wa bibi Hilda alipaka rangi nyumba ya Buigiri. Alipouliza kama msimu huo ungehesabiwa kwenye wasifu wake, Gladness alimjibu kwa upole kwamba kibarua si ajira.

Oktoba kampuni ilitangaza nafasi ya mtunza ghala. Uzoefu uliotakiwa ulikuwa miaka isiyopungua thelathini. Siku ya usaili korido ilijaa vijana na marehemu wao. Kijana aitwaye Msafiri, wa Kondoa, alikuja na babu yake aliyewahi kutunza ghala la ushirika. Mwanne alikuja na mashangazi wawili waliobishana nani alitangulia kufa na kwa hiyo nani akae karibu na dirisha. Watu ambao hawakuwa wameonana tangu mazishini walishikana mikono na hawakutaka kuachiana. Shikamoo zilikuwa nyingi mpaka mlinzi akapanda kuuliza kuna harusi ya nani. Gladness aliagiza mabenchi na birika kubwa la chai.

Saa tatu kamili alifungua mlango na kuita jina la kwanza. Msafiri na babu yake waliingia, babu akitangulia.