Bluu Kati ya Vidole

Ebbe aliuweka ule mguu mbele yangu kama mtu aliyekamata mwizi. Mguu wenyewe ni wa kifaranga ambaye hajakamilika, umetolewa ndani ya yai, mkubwa kidogo tu kuliko punje ya mchele. Ulilala kwenye kisahani cha kioo, bluu kuanzia nyongani hadi ncha za vidole.

"Haya, Tove, nionyeshe huo uzee wako," alisema. "Kila mahali uzee! Hata gegedu, mfupa laini ambao haujamaliza kuumbika, nalo limeshazeeka?"

Mimi ndiye niliyesema, na bado nasema, kwamba seli zinazokaa kati ya vidole vya kiinitete cha kuku hazifi hivihivi tu. Kwanza zinazeeka, zinaita seli za kusafisha mwili, ndipo zinakufa na vidole vinaachana. Za bata nyingi hazifi, ndiyo maana anatembea na utando. Rangi yangu hugeuza bluu seli zilizozeeka pekee. Ikiwa inagusa kila kitu, basi sina hoja. Na Ebbe, mkuu wa maabara yetu hapa Odense, alishanieleza wazi: hoja ikianguka, meza yangu anapewa Signe, msaidizi wetu kijana, na mimi nikastaafu nipande waridi.

Waridi! Hata kuyanusa siyapendi.

"Nani kaitia hii rangi?" niliuliza.

"Mimi, kwa mikono yangu hii. Nimefuata maelezo yako neno kwa neno, usije ukamsingizia mtoto wa watu."

Mtoto wa watu, yaani Signe, alikuwa mlangoni na kikombe cha kahawa, anatazama sakafu. Niliogopa, sifichi. Lakini nilichukua karatasi ya kupimia uchachu nikaichovya kwenye kisahani. Maji yalikuwa machachu.

"Ebbe, uliuweka kwenye kabati lipi?"

"La joto. Lipi tena?"

"Ala! Makabati ya joto yako mawili, bwana."

"Lile la seli hai. Lile dogo lilikuwa limejaa."

Nilicheka mpaka Signe akaniangalia. Kabati la seli hai linapulizwa gesi, ileile inayotoa mapovu kwenye soda. Gesi ikiingia kwenye maji ya rangi inayachachua, na kwenye maji machachu hata seli changa kabisa inageuka bluu. Kila anayeanza kazi hii hukosea hapohapo. Ebbe hajashika kisahani tangu apewe ukuu, angejulia wapi?

"Maneno hayo," alisema. "Nionyeshe."

"Nitakuonyesha. Na unga unao nyumbani?"

Uso ulimwiva. Kwetu hapa anayeboronga kazi anaoka keki, haruhusiwi kununua, na watu wanaila mbele yake huku wakimcheka. Ebbe tumemwokea sana. Yeye hajatuokea hata siku moja.

Nikapasua mayai siku hiyohiyo. Mguu wa kulia wa kila kiinitete niliutia kwenye kabati la gesi, wa kushoto kwenye lile dogo lisilo na gesi. Asubuhi yake nikamwita. Ya kulia ilikuwa bluu tupu. Ya kushoto, gegedu la vidole lilikuwa jeupe pee, na bluu imekaa katikati ya vidole, pale niliposema. Ebbe aliinamia hadubini hadi kahawa yake ikapoa.

"Hm," akasema. Kwa Mdenmaki hiyo ni hotuba.

"Hm nini?"

"Hm, nimeboronga."

Ijumaa alikuja na keki, imeungua upande mmoja, imechomekwa vibendera vyekundu kama keki zetu za siku ya kuzaliwa. Alikuwa ameichorea mguu wa kuku: vidole vya sukari nyeupe, na katikati yake sukari ya bluu imevigandisha pamoja.

"Mbona umeoka bata?" nikamuuliza. Signe akapaliwa na kahawa.

Ebbe hakucheka. Alinipa kisu, mpini ukiwa upande wangu.

"Vitenganishe, Tove. Kazi yako hiyo. Jumatatu utaendelea, na mwakani pia. Signe atakaa pembeni yako ajifunze."

Nilikitia kisu kwenye ile bluu, nikavitenganisha vidole kimoja kimoja, na cha kwanza nikampa Signe.