Jiwe la Zubeda

Mwaka tisini na sita, vita ya makabila ikiwaka, kwenye formation ya wapatanishi walimufundisha Zubeda kuongoza kikao cha kuponya mioyo: anayeshika mupira ndo anasema, wengine wananyamaza. Kwao, mutaa wa Nyakabiga, mupira ulikosekana, basi akaokota jiwe. Kosa gani hilo, jamani!

Jiwe likazunguka, likamufikia kijana Sylvère, akamupasua nalo mudomo Faruk, wa kabila la upande wa pili.

"Watu wa kwenu walimuchinja dada yangu, mbwa we!"

Damu ikarukia pagne aliyojifunga Zubeda. Faruk akaokota jiwe, akaliinua juu ya kichwa cha Sylvère.

"Mumalize!" wengine wakapiga kelele.

Zubeda akalishika somo lake. "Nyamazeni! Mwenye jiwe ndo anasema. Sema, kaka Faruk."

Faruk akatema jino. Mukono ukashuka.

"Wallahi, mi nilimuficha dada yako siku mbili. Ya tatu, hao watu wa kwetu wakamupata."

Akamurudishia Sylvère jiwe, aseme.