Bibi Yangu Anashinda Peke Yake

Jamani, kaeni vizuri, maana hii hamtaiamini. Neno moja, herufi nne tu, limetaka kumkosesha Godlisten mke. Na neno lenyewe hata hakuliandika yeye!

Godlisten ni Mchaga wa Machame, anafanya kazi maabara moja Gaithersburg, Maryland, kule Marekani, ila anakaa mbele kidogo, kwenye kamji kanaitwa Pell's Mill. Makanisa mawili, kinyozi mmoja, basi. Mchumba wake ni Anitha, binti wa Kitanzania aliyezaliwa Bowie, humohumo Maryland, nesi. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Akikujibu Kiswahili, jua kimenuka.

Sasa Godi alikuwa na mpango. Jumapili moja, baada ya ibada, amvishe Anitha pete mbele ya kanisa zima. Na sapraizi yenyewe haikuwa pete, pete kila mtu anavishwa. Sapraizi ilikuwa Bibi Ndeshi, bibi yake mzaa baba, miaka themanini na nne, ndiye aliyemlea. Alinyimwa viza mara mbili, ya tatu akapata, akashuka uwanja wa ndege wa Dulles wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Godi hakumwambia mtu. Anitha aliambiwa tu, "Nina mgeni kidogo, nitakuwa bize." Picha ilikuwa imeshamkaa kichwani: mlango wa kanisa unafunguka, bibi anaingia na kilemba chake cha bluu, Anitha analia, watu wote simu juu.

Tatizo likawa mchana. Godi anatoka saa kumi na mbili asubuhi, anarudi saa kumi na moja, foleni ya barabara ya 270 imemkausha. Bibi kutwa nzima kakaa dirishani anahesabu magari. Siku ya tatu akamwambia, "Mume wangu, leo yamepita mia mbili na sita. Hakuna hata moja lililonisalimia."

Ndiyo, anamwita mume wangu. Bibi na mjukuu, si mnajua utani wetu.

Godi roho ikamuuma. Lazima apate mtu wa kushinda naye. Kutupia kwenye grupu la WhatsApp la Watanzania hawezi, Anitha yumo, shangazi zake wamo, siri ingefika Bowie kabla hajaweka simu mezani. Ndipo akakumbuka gazeti la pale mjini. Gazeti ambalo hakuna Mtanzania hata mmoja analisoma. Akajiona ana akili!

Hilo gazeti sasa. Linatoka kila Alhamisi, lina miaka zaidi ya mia, na mwaka huu wanajisherehekea: ukurasa wa mwisho, wa matangazo madogo, wanauchapa kama ilivyokuwa mwaka 1911. Kama 1911 kweli, sikutanii. Herufi za madini ya risasi, zinapangwa moja moja kwa mkono. Hakuna namba ya simu, hakuna imeili. Unakwenda mwenyewe dirishani, unaandika kwa penseli, mwisho maneno ishirini na tano. Anayekujibu anaandika barua, anaitumbukiza kwenye sanduku pale ofisini. Na katikati ya matangazo mapya wanachanganya yale ya zamani yenyewe. Mjane anatafuta mpangaji asiyevuta kiko. Farasi anauzwa, kipofu ila mtulivu. Mwamvuli umepotea kanisani, aliyeuchukua anajulikana. Watu wanalipenda hilo! Wananunua gazeti kwa ajili ya ukurasa huo tu, wanabishana lipi la juzi na lipi la marehemu.

Mwisho wa kupokea ni Jumanne saa sita mchana. Jumanne saa tano Godi yuko maabara, kavaa glovu. Akatoka nje mbio akamtumia voice note Kamande, Mkenya mmoja anayesambaza vifurushi, walijuana pale maabara, kwenye sehemu ya kupakia mizigo. Akasema, na nakunukulia vilevile: "Kamande kaka, nisaidie. Pita pale gazetini uniandikie tangazo. Bibi yangu anashinda peke yake, ameboreka. Natafuta mtu mpole wa kukaa naye mchana nikiwa kazini, mwanamume au mwanamke haidhuru. Anapenda stori na kuota jua. Weka jina langu."

Kamande akajibu, "Sawa bro, usijali." Akaenda. Akaandika. Akatuma picha ya risiti na emoji ya kidole gumba.

Alhamisi jioni Godi anapita dukani, ananunua gazeti, anafungua nyuma. Kwa Kiingereza cha Kamande, limekaa hivi:

Mke wangu ni mpweke. Natafuta mtu mpole, mwanamume au mwanamke, wa kushinda naye nikiwa kazini. Anapenda stori na jua. Mungu, sikiliza.

Godi alisoma mara tatu amesimama kwenye foleni ya maziwa. Mke? Mke yupi? Na Mungu sikiliza ndiyo nini? Kisha akaelewa. Hilo ni jina lake! Mzee aliyepanga herufi kaona Godlisten, kadhani ni sala, akaweka na koma.

Akampigia Kamande palepale.

"Kamande, umeniandikia nini?"

"Si vile ulisema?"

"Nilisema mke, mimi?"

"Ulisema bibi! Nimeskia na maskio yangu. Bibi yangu. Kwani bibi ni nani?"

"Bibi ni bibi! Mama yake baba!"

"Aah, hiyo si bibi. Hiyo ni nyanya."

"Nyanya kwetu tunaweka kwenye kachumbari, Kamande!"

"Ati? Na nyinyi bibi ya mtu mnaita nani?"

"Mke!"

"Sasa ona, hata mimi nimeandika mke," Kamande akasema, na hakuwa anatania. "Lakini bro, nilishangaa, aki. Nikasema huyu jamaa yuko na roho safi, mwanamume ama mwanamke haidhuru. Nikaona mambo ya ndoa ya mtu, wacha niachane nayo."

Ijumaa Godi akaomba ruhusa kazini, akaenda gazetini. Dirishani yuko mzee mmoja anaitwa Wayne, vidole vyeusi kwa wino, miwani iko kwenye paji la uso. Kabla Godi hajasema kitu, Wayne akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye mume," akasema. "Mke wangu amelia. Ile sala mwishoni!"

"Si sala. Ni jina langu."

Wayne akashusha miwani machoni. "Wazazi wako walikuita hivyo?"

"Ndiyo. Na si mke, ni bibi yangu. Mama yake baba. Naomba uliondoe."

Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Tangazo, Wayne akaeleza, ukilipa linatoka wiki tatu. Haliondolewi katikati, ndivyo ilivyokuwa 1911. Masahihisho yanapokelewa kwa barua. Godi akasema, "Lakini niko hapa, naongea na wewe!" Wayne akamsukumia karatasi na penseli kupitia dirisha. Godi akaandika barua, akamkabidhi mtu aliye mbele yake, umbali wa mkono mmoja. Wayne akaisoma yote, taratibu, kama imetoka Australia.

"Kuna shida," akasema. "Neno la bibi kwa Kiingereza ni refu, halikai kwenye mstari. Ila usijali kijana, nitatafuta linalokaa."

"Linalokaa lipi?"

"Niachie mimi. Naifanya kazi hii miaka arobaini."

Na barua za majibu zilikuwa zimeshafika! Thelathini na moja. Wanaume ishirini na saba. Mmoja kaandika ana miaka sitini na tatu, anapiga banjo na hana kinyongo. Mwingine kamkemea Godi kurasa nne mbele na nyuma, eti aache kazi akakae na mkewe. Godi alizisoma ndani ya gari. Wanawake wanne waliobaki, wote walitaka tu kumwombea.

Wiki ikaisha, bibi bado yuko dirishani.

Alhamisi ya pili Godi alikuwa mlangoni pa duka kabla halijafunguliwa. Akafungua ukurasa wa nyuma. Wayne kasahihisha kweli. Jina limekaa vizuri, Godlisten, hakuna koma. Na pale kwenye mke, mzee wa watu kaweka maneno mawili mafupi yanayokaa kwenye mstari: old lady. Bibi kizee, si ndiyo? Ukitafsiri neno kwa neno, sawa. Ila Mmarekani akisema my old lady anamaanisha mwanamke anayelala naye kitanda kimoja!

Kwa hiyo sasa ni mke tena, safari hii kwa dharau, na jina kamili chini.

Godi alikaa kwenye ukingo wa barabara, akacheka kile kicheko kibaya. Akajipa moyo. Nani atasoma? Kagazeti ka Pell's Mill!

Ijumaa asubuhi dada mmoja wa pale mjini akapiga picha matangazo yote mawili, la wiki ya kwanza na la pili, akayatupia mtandaoni: jamaa wiki iliyopita alikuwa anamwombea mkewe, wiki hii keshamchoka. Saa nne likes elfu arobaini. Na niambie wewe, Maryland nzima, akina Godlisten wanaokaa Pell's Mill ni wangapi?

Anitha akapiga simu. Na Godi siku hiyo, kwa ule wasiwasi, simu kaiacha nyumbani kwenye chaji.

Ikapokelewa na bibi. Bibi Ndeshi ameimba kwaya miaka sitini, sauti yake kwenye simu ni ya binti wa miaka thelathini, usibishe.

"Haloo!"

"Hello? Who's this?"

"Simu ya mume wangu hii. Kaisahau, kaenda kazini."

Anitha, kwa Kiswahili: "Mume wako nani?"

"Si Godi! Na wewe nani mwenzangu?"

"Anitha."

"Eeeeh! Mke mwenza! Sifa zako nimezisikia mpaka nimechoka. Njoo basi tugawane, mimi peke yangu simuwezi. Usiku anakoroma huyo!"

Simu ikakatwa.

Jioni Godi anaingia, bibi anamsimulia kwa furaha, anapiga na makofi. "Mchumba wako kapiga. Na wala sijamwambia kama mimi ni bibi yako. Ulisema siri, nimetunza siri!"

Godi akashika kichwa. Akapiga, hapokelewi. Akaandika ujumbe, tiki moja. Akapiga tena, ameshablokiwa. Akaandikia mdogo wake Anitha, na huko nako kablokiwa. Keshokutwa ni Jumapili, ukumbi wa kanisa umeshalipiwa, keki na sambusa zimeshaagizwa, na bibi harusi mtarajiwa anaamini amegawiwa zamu!

"Bibi, vaa koti. Twende Bowie."

"Sasa hivi? Nimesuka nywele vibaya."

"Vaa kilemba."

Saa nzima na nusu barabarani, Ijumaa jioni, magari yamegandana. Bibi anauliza maswali, huyu Anitha anakula kiburu, ndizi zetu za Kichaga na maharage? Godi anajibu ndiyo bila kusikia. Anapanga maneno. Bibi, nyanya, wife, old lady. Kila akiyapanga yanasikika kama uongo wa mtu aliyekamatwa.

Wakafika. Nyumba ya akina Anitha ina ngazi tatu na taa ya mlangoni. Godi akabonyeza kengele. Anitha akafungua mwenyewe, bado kavaa sare ya hospitali, macho mekundu. Akamwona Godi, akaanza kufunga. Ndipo bibi akatokeza kutoka nyuma, mdogo, kainama, kilemba bluu, mikono imeshatangulia mbele.

"Huyu ndiye mke mwenza? Mbona mwembamba hivi, mume wangu hakulishi?"

Anitha akamtazama bibi. Akamtazama Godi. Akamtazama bibi tena. Godi akaanza, mbio mbio: Kamande, nyanya, Wayne, mstari, koma, sala, wanaume wa banjo, mpaka akaishiwa pumzi. Na Anitha akacheka! Alicheka mpaka akaegemea mlango. Godi akasema moyoni, asante Mungu, yameisha.

Hayakuisha. Anitha akajifuta macho, akauliza, "Bibi amekuja lini?"

"Wiki tatu kesho."

"Wiki tatu. Anashinda na nani?"

Godi akarekebisha kola ya koti la bibi.

"Anashinda na nani, Godi?" Kiswahili. Kiswahili kitupu, na cha polepole. "Mimi nafanya kazi siku tatu tu kwa wiki. Siku nne niko hapa. Bibi yangu mimi alikufa Tanga, sikumwona hata siku moja, unajua hiyo. Na wewe bibi yako unamficha dirishani wiki tatu, unamtafutia watu kwenye gazeti, watu hujui hata sura zao, banjo sijui nini, lakini mimi, mimi huniambii?"

"Ilikuwa sapraizi."

"Sapraizi ya nani? Ya watu wapige video?"

Godi alikuwa amejiandaa kujibu kesi ya mke wa pili, hii hakuiandaa kabisa.

Anitha akamshika bibi mkono. "Bibi, karibu ndani. Utalala hapa leo."

"Na mume wangu?" bibi akauliza, akigeuka.

"Yeye ana kazi ya kufikiria."

Mlango ukafungwa. Hakuubamiza, aliufunga taratibu, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. Godi akabaki kwenye ngazi. Dirishani anawaona: Anitha kapiga magoti anamvua bibi viatu, bibi anaongea, mikono inaenda hewani, wote wawili wanacheka. Simu ikaita mfukoni, ni mtu wa keki wa Jumapili anauliza, jina la Anitha liandikwe juu ya keki au lisiandikwe? Ajibiwe sasa hivi, anafunga duka.

Agonge tena? Aondoke? Na mtu wa keki amwambie nini?

Haya, wewe ndiye uko pale kwenye ngazi. Ungefanyaje?