Mtutu Mpya wa Bunduki ya Tevž

Kulikuwa bado giza niliposikia komeo la bunduki jikoni. Lilifunguliwa, likafungwa, likafunguliwa tena taratibu, kama mtu anayeingia nyumbani kwa kunyata asiwaamshe watoto. Nikavaa sweta, nikamkuta mume wangu Tevž ameketi mezani na nguo za kulalia, bunduki aliyoiunda marehemu baba yake mapajani, tupu, haina risasi.

"Nimekuamsha, Nuža?"

"Hapana. Nilikuwa naamka."

Tulijua wote wawili kwamba nadanganya. Akasogeza kitambaa chake chenye mafuta ili nipate pa kuweka birika.

Tangu alipofanyiwa upasuaji wa jicho wakati wa baridi, hakuwa amefyatua hata risasi moja. Daktari alimwonya kwamba kichwa chake kisitikiswe kwa nguvu, na bunduki ile ilikuwa na teke la nyumbu. Yenyewe nayo ilikuwa imechoka. Mifereji ya ndani ya mtutu ilikuwa imelika kabisa, hata risasi zikawa zinatoboa karatasi ya shabaha kiubavu. Hanzej, fundi bunduki wa hapa Borovlje, alishaitazama akasema mbao bado nzuri, komeo ni zima kuliko sisi wazee, ila mtutu lazima ubadilishwe. Kilichobaki ni Tevž kuamua mtutu mpya uwe wa risasi gani.

Hapo ndipo alipokwama tangu Pasaka. Katika chama chetu cha wawindaji, dume la kulungu hupigwa kwa zamu, na vuli hii, baada ya miaka mingi ya kungoja, zamu ilikuwa yake. Lakini kanuni ya chama hairuhusu kulungu apigwe kwa risasi nyembamba. Akichagua nene, atampata kulungu wake, na huenda akapoteza jicho. Akichagua nyembamba, ataendelea kuwinda paa wadogo maadamu miguu inamchukua, ila zamu itampita, na kwa umri wake haitarudi. Mimi nililitaka lile jicho. Sikumwambia. Alikuwa anajua.

Jumapili binamu yake Foltej alikuja kula. Nilikuwa nimepika krapi, vile vifuko vya unga vya kuchemsha vyenye jibini na mnanaa ndani, naye Foltej hawezi kutafuna bila kuchokoza mtu.

"Nasikia unatengenezewa bunduki ya kupigia panya," akasema.

"Nitakuazima," Tevž akajibu. "Magunia yako ya mahindi yamebaki matundu matupu."

"Mimi panya wangu nawafuga, bwana. Wewe huyo kulungu wako utamfanyaje? Utamtekenya?"

Tevž aliweka uma chini. Foltej akaona amevuka mpaka. Akaanza kusifu chakula, akasifu siagi, akasifu hata sahani, na tulipomaliza akaosha vyombo vyote bila kuombwa. Mkewe angeona, angedhani anaumwa. Wakati wa kuondoka alimpiga Tevž begani, kidogo tu, bega la upande wa jicho zima.

Jumanne tukaenda kwa Hanzej. Ni mjane, anaishi juu ya karakana yake, na mlango wake hukwama usipousukuma kwa goti. Akasimamisha risasi mbili juu ya meza ya kazi, moja nene, moja nyembamba, kama chupa mbili za haradali.

"Shingo zinatofautiana, vitako ni sawa na vya risasi ya zamani," akasema. "Komeo la mzee wako litazikamata zote mbili. Sitaligusa hata kwa tupa."

Tevž akachomoa ya tatu kwenye kisanduku, ndogo kama kipande cha penseli. "Na hii? Hii haimshtui hata nzi."

"Hiyo kitako chake chembamba. Komeo halitaishika mpaka nilichonge. Mtafute fundi mwingine akuchongee, Tevž. Mimi kazi ya mikono ya baba yako siichongi."

Tevž akairudisha kisandukuni. Akazitazama zile mbili.

"Ungekuwa wewe, ungechukua ipi?"

Hanzej akavua miwani akaanza kuifuta. "Usiniulize mimi."

"Wewe si ndiye fundi?"

"Nimekwambia usiniulize."

Nilikasirika. Rafiki wa tangu ujana, anayejua habari za lile jicho tangu siku ya kwanza, na neno moja tu linamshinda! Nilitaka kusema jambo, kisha nikakumbuka. Anayemfuata Tevž kwenye zamu ya kulungu ni Hanzej mwenyewe. Akisema nyembamba, amejipa kulungu. Akisema nene, amemuumiza rafiki yake. Basi alikuwa amefunga mdomo, akatuacha tumwone mkaidi.

Alivaa miwani yake. "Chukueni makoti," akasema.

Nyuma ya karakana kuna machimbo ya mawe yaliyoachwa, ndipo anapojaribia kazi zake. Alibeba bunduki zake mbili, moja ya risasi nene, nyingine ya nyembamba, akaketi kwenye benchi.

"Wewe hupigi," akamwambia Tevž. "Simama nyuma yangu. Kiganja kimoja begani, kingine kisogoni. Shika sawasawa, mimi si yai."

Akapiga ile nene. Niliona mikono ya mume wangu ikiruka mpaka kwenye viwiko, na kofia ya Hanzej ikaanguka kwenye majani.

"Tena," Tevž akasema.

Hanzej akapiga tena. Kisha akachukua bunduki ya pili, akangoja viganja virudi mahali pake, akapiga.

Tevž akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu hospitali. "Hii ni kama paka anaposhuka mapajani!"

"Paka mnene," Hanzej akasema.

Tevž hakuondoa mkono begani mwake. "Litakuuma kesho."

"Limeanza."

"Weka nyembamba."

"Nenda nyumbani kwanza, ukafikirie."

"Nimefikiri tangu Pasaka, na mke wangu halali. Weka nyembamba. Kulungu ni wako."

Hanzej aliinama kuokota kofia, akachelewa kuinuka. "Mimi sikukuomba."

"Ungeniomba, ningechagua nene kwa ukaidi tu."

Mwezi Agosti mtutu mpya ulirudi kutoka kwenye nyumba ya majaribio, wanakopima usalama wa kila mtutu mpya, umegongwa mihuri yake, na Hanzej akatuita. Tevž aliketi kwenye benchi ile ile. Mimi nilisimama nyuma yake nikiwa nimeushika mkoba wangu kwa mikono yote miwili. Alipiga mara tatu. Matundu yote matatu yangefunikwa na kikombe cha kahawa. Akageuka kunitazama kwa jicho lile lile lililotibiwa, akalifumba, akalifumbua.

"Lipo," akasema.

Hanzej alikuwa ameandaa meza. Alioka keki ya zabibu mwenyewe, imeungua chini, akaikata kwa namna ya kuuficha upande ulioungua. Vikombe vilikuwa vya marehemu mkewe, vile vya ukingo wa bluu, na niliona kwamba vimeoshwa siku ile ile, kwa sababu kwenye kabati nyuma yake vumbi lilikuwa limeacha duara tatu safi. Tulikula keki yote.

Tulipokuwa mlangoni, yeye ndiye aliyeushika usijifunge.

"Sasa bunduki ni nzima," akasema. "Hamna tena sababu ya kuja."

"Nani atakusaidia kumsikiliza huyo kulungu akinguruma?" Tevž akamuuliza. "Wewe masikio huna."

"Kulungu haanzi kunguruma mpaka Septemba." Akanigeukia mimi. "Shemeji, mlete Alhamisi. Njooni hata mikono mitupu."