Kalafati ya Bafuni

Wifi yangu Mwanahawa aligoma kuhama Salale kabla hata hajaambiwa ahame. Magoti yake yalikuwa yameanza kumkatalia, na bafu lake, kama mabafu yote ya kwetu wakati ule, lilikuwa nje uani: kiambaza cha makuti, mawe mawili matatu ya kusimamia, na masika njia yake inateleza kama mgongo wa kambare. Akaanguka. Habari zikamfikia binti yake Habiba huko Dar es Salaam upesi kuliko boti yoyote.

Habiba akatuma salamu: bamvua lijalo, maji yakijaa vizuri mtoni, anakuja kumchukua mama yake wakakae wote ghorofani, ambako bafu limo humo humo ndani.

"Ghorofani!" wifi akaniambia. "Kuku wangu nitawatupia mtama kutoka dirishani? Mimi nikae juu kama njiwa?"

Alicheka, lakini niliona anavyozikunja ncha za khanga yake. Amezaliwa Salale, kaolewa Salale, na kaburi la kaka yangu liko nyuma ya nyumba ile.

Hemedy, mwanawe wa kiume, naye aliona. Kijana huyu alikuwa ananunua kamba kwa wavuvi na kuwapeleka mjini. "Mama," akasema, "kama shida ni bafu tu, bafu litakufuata chumbani." Akakata pembe ya chumba cha mama yake, akaweka kiambaza cha miti na udongo katikati. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, madukani vitu vimeanza kujaa, na safari iliyofuata akarudi na maboksi ya vigae vyeupe vyenye ua la buluu. Jirani yetu Mwanaharusi alikigeuza kimoja mkononi akauliza kama ndizo sahani za siku hizi, mbona hazina shimo la mchuzi.

Vigae tulikuwa navyo. Fundi wa vigae hatukuwa naye. Tuliyekuwa naye ni Sadala, fundi wa mashua.

Sadala aliuegemea ule ukuta kwa bega. Ukatikisika, udongo ukamwagika miguuni pake.

"Ukuta huu unacheza," akasema. "Kigae hakitaki mchezo. Vitadondoka kimoja kimoja, maji yapite nyuma, na udongo wote uwe uji."

"Sasa tufanyeje, fundi?" Hemedy akauliza.

"Tuutengeneze kama ubavu wa mashua. Udongo tuutoe. Kati ya mti na mti tuongeze mti, ukuta utulie. Juu yake mbao, kwenye maungio nitie kalafati ya pamba na mafuta, kisha lami. Halafu ndiyo tupige wavu wa kuku na lipu ya saruji ya kushikia vigae vyako."

Wifi akahamia kwangu kazi ianze. Tulikuwa tukipeleka chai tunamkuta Sadala anagongea pamba kwenye nyufa, anaimba pumzi kwa pumzi. Siku moja Hemedy akamcheka, maana kwenye kona alikuwa amechimbia nguzo nene ubavuni mwa nguzo nyingine.

"Fundi, hiyo umesahau kwamba umeshaiweka?"

"Wewe nunua kamba," Sadala akajibu. "Miti niachie mimi."

Alipomaliza lami akatuita. Wifi akaingia chumbani kwake, mimi na Mwanaharusi nyuma yake, tukasimama. Ukuta wa upande wa kitanda ulikuwa mweusi ti, unang'aa, chumba kizima kinanuka kama gatini. Nikachungulia upande wa pili, ndani ya bafu lenyewe. Miti mitupu.

"Sadala," wifi akasema polepole, "maji yatakuwa upande gani?"

"Upande wa nj..." Sadala akasita. Maisha yake yote maji yalikuwa nje na watu ndani. Akatutazama, akatazama kitanda, akatazama bafu.

"Yaani hapa kitandani mimi ndiye bahari?" wifi akauliza. "Umenikalafati mimi nisivujie bafuni?"

Mwanaharusi alicheka mpaka akakaa chini. Sadala naye akacheka, lakini nilimwona akihesabu moyoni, maana lami ilikuwa imekwisha na bamvua lilikaribia. Akatoka, akarudi na debe la lami aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mashua yake mwenyewe, iliyokuwa juu ya magogo inasubiri. Akaanza upya, ndani ya bafu safari hii: mbao, pamba, lami, wavu, lipu. Vigae akavipanga na Hemedy, ua la buluu likitazama juu, isipokuwa kimoja ambacho mpaka leo kinatazama chini.

Mwisho akafanya kama wanavyofanya kwa mashua mpya kabla haijashushwa: akaziba tundu la kutolea maji kwa kizibo cha mti, akajaza maji mpaka kwenye kizingiti, akayaacha yalale. Asubuhi maji yalikuwa palepale. Akayakomba kwa kopo, akajifuta mikono, akaenda zake.

Adhuhuri Habiba akashuka kwenye boti na begi tupu la kutilia nguo za mama yake. Alisalimia, akauona ukuta mweusi wa chumbani, akauma mdomo.

"Mama, ukuta umeshaoza."

"Umesafiri, mwanangu. Nenda kaoge kwanza," wifi akamwambia, akampelekea ndoo.

Tukakaa kitandani tunasikiliza. Ndoo ya kwanza. Ya pili. Kisha kelele:

"Mama! Maji yananifika vifundoni! Hayatoki!"

Kumbe kizibo! Sadala hakukichomoa. Mashua nani anaizibua?

Wifi akaupapasa ukuta mweusi kwa kiganja, juu mpaka chini. Mkavu. Akapapasa sakafu. Kavu.

"Ongeza ndoo!" akapiga kelele. "Huku jangwa!"

Habiba akatoka amejifunga khanga, analowesha sakafu, anataka kukasirika na anashindwa. Lakini kilichomgeuza moyo si ukuta. Aliniuliza, "Shangazi, ule mpini wa kafi uliopigiliwa pale kwenye kona, nani kauweka? Nilikuwa nateleza, nikaushika, haukutikisika hata kidogo."

Ndipo tukaielewa ile nguzo iliyomchekesha Hemedy. Ilikuwa ya kuubeba mpini huo, ashikilie mtu mwenye magoti mabovu, na mwenyewe Sadala hakumwambia yeyote.

Habiba alikaa mpaka bamvua likapita. Begi alirudi nalo limejaa mchele wa mama yake. Ukuta ule mweusi Hemedy alitaka kuupaka chokaa, wifi akakataa. Na mashua ya Sadala ilipokosa lami, Hemedy ndiye aliyeifuata lami hiyo mpaka Kibiti.