Kisanduku Kisichopenda Kimya

Tofiki wa Munje hakuwa mtu wa kujisifu. Alikuwa mtu wa kuwasaidia wengine wazijue sifa zake. Hivyo ndivyo alivyojisema mwenyewe baadaye, alipopata akili ya kujicheka. Mwaka ule wa tisini na tisa alikuwa fundi wa kompyuta katika duka moja la kupiga chapa pale Ukunda, na mji mzima ulijua, maana mpasha habari alikuwa yeye.

Nyumbani nako mambo yalikuwa hayo hayo. Mkewe, Zulekha, akianza habari ya kisima, Tofiki anaimaliza na kuongeza nyingine mbili. Hata alipokwenda Maskati kumwangalia dada yake aliyejifungua, Zulekha alimuaga kwa kusema, "Wewe hupewa neno moja ukarudisha gunia. Acha nikapumzishe masikio." Arobaini ya mtoto ikapita, Zulekha hakurudi. Hapo Tofiki akaingiwa na hofu, hofu ya kweli, maana alikuwa akimpenda mkewe kupita anavyoipenda sauti yake mwenyewe, na hilo si dogo.

Akaagiza kisanduku cha kupigia simu kwa njia ya intaneti. Upande mmoja unachomeka simu ya kawaida, upande wa pili waya wa mtandao. Kule Maskati shemeji yake, Boga, alikuwa na kingine kama hicho dukani kwake. Tofiki akapiga. Zulekha akamsikia vizuri kabisa, lakini yeye hakusikia hata kikohozi.

"Si hiyo ndiyo marriage yenu ya kawaida, boss?" akasema Austine, mwenzake wa kazini, kijana wa bara. "Wewe unaongea, yeye anaskia."

Tofiki alinuna, kisha akakaa kitako kutafuta kosa. Kompyuta zote za duka zilitoka nje kwa anwani moja, kama nyumba ya wapangaji wengi yenye mlango mmoja, na bawabu wa mlango huo ni kile kidude kiitwacho ruta. Sauti ya Zulekha ilifika mlangoni, bawabu asijue ni ya chumba gani, akaifukuza. Tofiki akakirekebisha kisanduku kipokee sauti kwa njia ile ile kinayotolea, ili bawabu akishamwona mtu anatoka, amkumbuke na jibu lake alipitishe. Mambo yakawa! Duka zima lilisimuliwa habari hiyo, pamoja na wateja wawili waliokuja kupiga chapa barua zao tu.

Mama yake, kule kijijini Munje, hakubabaika. "Mpigie umuulize atarudi lini," alimwambia, "halafu ufyate ulimi. Ufyate, mwanangu, usikie jibu."

Ijumaa baada ya sala Tofiki akapiga. Wakasalimiana, wakajuliana hali, kisha akasema, "Mke wangu, utarudi lini? Leo nasikiliza." Akanyamaza, jambo ambalo lilimtoa jasho.

"Tofiki," Zulekha akaanza, "nimekaa nimefikiri sana, na nataka nikwambie..."

Tuu! Simu ikakatika. Alipopiga tena haikupokelewa. Ijumaa ya pili, mambo yale yale. Ya tatu, Tofiki akiwa amefyata ulimi mpaka unamuuma, simu ikakatika tena. Basi akajua kwamba mkewe anamkatia makusudi. Alikwenda uani akalia, na kwa mara ya kwanza hakumsimulia mtu.

Juma lililofuata alimpigia Boga apate kujua kama bado ana mke. Alilalamika, akajieleza, akalalamika upya, simu haikutikisika. Hatimaye Boga akaomba nafasi naye aseme. Tofiki akajitilia mdomoni hamri zima la chai yake, ili asimkatize. Tuu! Akapiga tena. Boga akaanza, Tofiki akatafuna. Tuu!

Aliacha kutafuna. Lahaula! Si yeye mwenyewe aliyekiamuru kisanduku kisitume kitu chochote mtu akinyamaza, kwa sababu laini ya duka ilikuwa nyembamba? Basi akinyamaza, bawabu haoni mtu akitoka, anadhani wamelala, anafunga mlango na kukisahau chumba. Maneno ya Zulekha yalibaki nje.

"Hongera, profesa," akajiambia. "Umemtengenezea mkeo simu inayokatika mumewe akimsikiliza."

Akakiamuru kisanduku kitume hata kimya, akampigia Zulekha papo hapo. Zulekha alikuja kwenye simu shingo upande.

"Sema, mke wangu," akasema Tofiki, akanyamaza.

"Ijumaa ile ya kwanza," Zulekha akasema, "nilitaka kukwambia unikatie tikiti, narudi. Ukanikatia simu. Nikangoja ya pili, ukanikatia. Ya tatu nikasema, mume huyu aliniuliza kwa adabu tu, jibu hana haja nalo. Jumatatu nimekubali kazi ya kufundisha chuoni, watoto wadogo wa Kurani. Nimewapa ahadi ya mwaka mzima, Tofiki, na ahadi yangu siivunji."

Tofiki alikuwa na utetezi, tena wa haki: bawabu, mlango, laini nyembamba. Ulimjaa kinywani. Lakini aliisikia pumzi ya mkewe kule ng'ambo, imepanda kama ya mtu aliyezuia kilio, akaona kwamba akianza kueleza hatamaliza leo, na akimaliza, yatakuwa yamesemwa yake tu. Machozi yakamtoka, akayaacha.

"Tofiki? Umekata?"

"La. Nipo."

"Mbona husemi kitu?"

"Nakusikiliza."

Zulekha akanyamaza, naye akanyamaza, na simu haikukatika.

"Basi ningoje," akasema Zulekha, "nikalete kiti."