Jasho Katika Oili ya Bwana Barabara

Jumatatu ya pili ya Oktoba, mwaka 1952, saa mbili na robo asubuhi, Fundi Tumainieli alitandika gunia chini ya gari la Bwana Barabara, afisa wa serikali aliyesimamia ujenzi wa barabara, akalala juu yake, akafungua nati ya oili. Gari lilikuwa la kabla ya vita, na pale Same heshima yake ilizidi uwezo wake. Tangu barabara ya milimani ianze kuchimbwa, mshale wa geji ya oili ulishuka kila lilipopanda. Ijumaa ulilala kwenye sifuri. Dereva Asheri akalirudisha mjini kwa mteremko, injini imezimwa, huku Bwana Barabara akiwapungia watu mkono kana kwamba ndivyo alivyopanga.

Oili iliyotoka ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tumainieli alichovya kidole, akaonja.

"Maji?" Asheri aliuliza.

"Jasho. La wanawake zaidi. La wanaume lina tumbaku."

Asheri aliitikia kwa kichwa, akaenda kutafuta debe kubwa zaidi.

Mpare hakuhitaji kuelezwa. Baragumu likilia, watu hutoka na majembe kwenda msaragambo, kazi ya wote isiyo na ujira. Wakichimba ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, jasho lao huingia majini, na kila mtu hulipata tena kwenye mahindi yake. Jasho la msaragambo halipotei, humfuata anayefaidi kazi. Sasa jumbe, mkuu wa kijiji, alikuwa amepuliza baragumu lilelile kwa ajili ya barabara, na juu ya barabara hiyo lilipita gari moja tu. Jasho lingekwenda wapi?

Bwana Barabara hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa vipuri, aliyeamini kila tatizo lina kipuri chake. Alitaka gari liwe tayari Alhamisi, basi Tumainieli akafanya kazi yake kwa utaratibu. Alikagua beringi, akazikuta nzima. Alibadilisha springi ya vali, akafungua pampu, akaifunga tena. Yakabaki machujio. La kitambaa, aliloliosha kwa mafuta ya taa, lilijaa kabla gari halijafika sokoni. La nyuzi za pamba lilivumilia hadi stesheni ya treni. La karatasi, lililoletwa kutoka Moshi likiwa jipya ndani ya boksi, lililowa likanywea kama andazi kwenye chai. Mshale ulipanda mpaka kumi, ukasita, ukarudi kulala.

Jumatano adhuhuri alifika Dorkas, mjane aliyeshuka kwa miguu kutoka kijiji cha juu.

"Shikamoo, mama," fundi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia jasho letu liko kwako. Nimekuja kuchukua langu."

Ombi lilikuwa la haki. Debe lilikuwa limetulia tangu asubuhi. Oili ilielea juu, na chini yake jasho la kila mtu lilikaa kwenye tabaka lake, bila kusukumana. Tumainieli alivuta kwa mpira, tabaka baada ya tabaka, na Dorkas akaonja kwa kijiko. La tano akalishika.

"Hili langu. Mimi hutia magadi mengi kwenye maharage."

Lilijaa chupa moja na nusu. Alikuwa akiziba chupa kwa gunzi Bwana Barabara alipoingia. Dorkas hakumzungusha.

"Bwana, jasho nimepata. Lakini vuli imekaribia, na siku nane hizi niko barabarani, shamba langu halijaguswa. Nipe siku nne tu nikapande. Nisipopanda sasa, wajukuu wangu watatu watakula nini?"

Bwana Barabara alisikiliza. Alisikiliza kweli, kofia mkononi. Akaomba chupa, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza.

"Chupa moja na nusu kwa mtu mmoja," alisema taratibu, "na watu ni mia moja na ishirini. Fundi, kuna chujio linaloweza kubeba yote hayo?"

Hapa ndipo lawama ya Tumainieli ilipo, kama ipo. Fundi ukimuuliza swali la ufundi, mdomo hujibu kabla ya moyo.

"La lori la tani tano, Bwana. Nitalifungia nje ya injini, na mabomba mawili." Kisha akaona uso wa Dorkas, akaona haya hadi masikioni. "Lakini mama anaomba siku nne, Bwana."

"Hilo ni la jumbe," alisema Bwana Barabara kwa upole, akamrudishia Dorkas chupa yake.

Dorkas alikwenda kwa jumbe. Jumbe alisema hilo ni la Bwana.

Chujio la lori lilifungwa Alhamisi asubuhi. Mshale ulipanda hadi arobaini, ukakaa hapo. Asheri alipiga honi mara mbili kwa furaha, na Bwana Barabara akaandika ripoti: jasho limedhibitiwa, barabara inaweza kuendelea maili sita zaidi. Tumainieli akapewa mkono wa pongezi. Usiku ule hakula.

Mvua ilianza Jumamosi, nzuri, ya kutulia, mvua ambayo mkulima huiomba mwaka mzima. Jumanne gari lilipanda mlima bila kukohoa. Wachimbaji walisogea pembeni kulipisha, na Bwana Barabara, ambaye sasa alimfahamu Dorkas, akamwinulia kofia. Dorkas akaitikia salamu, maana adabu ni adabu. Kisha akaingiza tena jembe kwenye udongo wa barabara, uliokuwa umelowa vizuri, laini, tayari kwa mbegu.